Aproni Kwenye Msumari

Zamani jirani yangu alikuwa msumbufu kiwandani. Alishona magunia kwa mshahara wa kijungujiko, na Jumatatu ikimlemea haendi. Wenzake walimwita Kesho, maana ndilo jibu alilompa msimamizi aliyekuja hadi mlangoni kumbembeleza. Ahofu nini? Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kilitafuta washonaji kila wiki.

Kisha kile cha ng'ambo kikafungwa. Foleni ya wasio na kazi ikaota getini, na msimamizi akaacha kubembeleza. Hakukemea mtu, alipigilia misumari tu. Kila aproni ilitundikwa getini kwa namba yake, na iliyokutwa inaning'inia king'ora cha pili kikilia ilipewa wa kwanza kwenye foleni, kwa nusu mshahara. Tangu hapo Kesho alimtangulia hata mlinzi. Ndani, watu walimeza mpaka kikohozi.

Kwake alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyepoteza kazi kile kiwanda kilipofungwa. Kesho ndiye aliyemwamsha kila alfajiri, akimtania: "Amka, bwana. Foleni haina mto." Shemeji akazoea kuwa wa mbele.

Asubuhi moja mke wa Kesho alianguka, akazimia, akibandika chai. Kesho akamtuma shemeji atangulie kumwambia mlinzi kwamba angechelewa kidogo, naye akambeba mkewe hadi zahanati. Mkewe alipozinduka tu, Kesho alikimbilia kiwandani. Msumari wake ulikuwa mtupu.

Ujumbe ulikuwa umefika. Mlinzi aliusikiliza hadi mwisho, akasema udhuru hauendeshi cherehani, akauliza nani wa kwanza leo.

Jioni shemeji alirudi na vumbi la magunia kwenye nyusi. Hakuvuka kizingiti.

"Ningeiacha, shemeji, wa nyuma yangu angeichukua."

Kesho akampisha mlangoni. "Najua. Ingia ule."

Jumamosi aproni zilirudi nyumbani kufuliwa, zirudishwe misumarini Jumapili jioni. Mkewe aliifua ile, akasita mkono ulipofika kwenye kiraka alichokuwa amemshonea mumewe, kisha akaendelea kusugua.

Jumatatu alfajiri Kesho alimwamsha shemeji, safari hii bila utani. Walitembea pamoja hadi getini. Mmoja akatundua aproni, akaingia. Mwingine akaenda kutafuta mwisho wa foleni.