Pampu Iliyolia Injini Ikiwa Imezima

Saa mbili na nusu asubuhi, miguu miwili imechomoza chini ya gari dogo la buluu. Mwenye miguu hiyo anakata tepu nyeusi kwa meno na kuizungusha kwenye maungio ya waya, karibu na tangi la mafuta. Wanamwita Nyaya. Ni fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa, na leo hana utani hata mmoja.

"Huyo ndiye anayetuchekesha mpaka tunajigonga vidole," anasema fundi bodi wa banda la jirani, akiweka nyundo chini apate kusimulia vizuri. "Leo kawa bubu. Lakini ana moyo! Anawapigia simu wateja wa zamani, leteni magari nirekebishe, bure. Wewe umeona wapi fundi wa hivyo?"

Sifa hizo zimeenea mtaa mzima, na ndizo zilizolifikisha gazeti hili gereji. Wapo wanaomwita malaika. Nyaya akisikia, anainama kutafuta koleo ambayo tayari ipo mkononi mwake.

Kazi yake ni magari makuukuu yaliyofungwa kabureta. Mfumo wa awali wa kupuliza mafuta ukifa, vipuri vyake ni ghali kuliko gari lenyewe, basi mwenye gari anawekewa kabureta. Pampu iliyokuwa ndani ya tangi ina nguvu mno, inaifurisha kabureta kwa mafuta. Inatafutwa ndogo ya nje, na Nyaya anaitwa kuiunganishia umeme. Ujira wa gari moja unamlisha yeye, mke na watoto watatu siku nne, wakijibana, tano.

Kwa miaka mingi aliunganisha kwa mkato: waya kutoka swichi ya ufunguo, fyuzi, moja kwa moja mpaka kwenye pampu. Ukifungua ufunguo tu, pampu inalia hata kabla injini haijawaka. Wateja waliupenda mlio huo. Yeye mwenyewe aliwaambia watege sikio, kisha akapokea chake.

"Nilikuwa najisifia ule mlio," anasema, macho chini. "Kumbe ndio ubaya wenyewe. Injini ikizima na ufunguo uko wazi, pampu haina habari. Inaendelea kusukuma."

Miezi mitano iliyopita, shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa akipeleka sare shuleni. Ni fundi cherehani. Gari aliloungiwa pampu na Nyaya likagonga nguzo ya geti, kishindo kidogo tu, na injini ikazima. Mpira wa kupitishia mafuta ukapasuka, pampu ikazidi kumwaga petroli juu ya injini yenye joto. Shemeji alishatoka salama. Akarudi kuokoa mzigo wa sare, na moto ukamkuta na mkono wa kushoto ndani.

Nyaya aliitwa kulitazama gofu la gari. Watu walimzunguka, dada yake akiwa mbele. Fundi, imekuwaje?

"Nikasema mpira ulikuwa umechakaa. Na kweli ulichakaa, nilishamwambia shemeji aubadilishe. Nikatoa ukweli mdogo, nikaukalia mkubwa. Dada akamgeukia mumewe palepale, mbele za watu: 'Mpira tu, baba watoto! Mpira!' Na mimi nimesimama, nimenyamaza kama gunia."

Wiki iliyofuata akaanza kuwapigia wateja simu. Kwa anavyokumbuka, kati ya magari aliyoyaunga kwa mkato ule, kumi na manne bado yanatembea. Kumi na moja ameyapata. Kila moja analiongezea relei, kile kikatio kidogo cha umeme, na swichi ya oili. Wakati wa kuwasha, pampu inapata umeme pamoja na starta. Injini ikishika, presha ya oili ndiyo inayoiruhusu kuendelea. Injini ikizima, presha inashuka na pampu inakatika yenyewe.

Gari hili la buluu si mojawapo. Ni la shemeji huyohuyo, amelinunua kwa msaada wa ndugu, amelileta kwa fundi anayemwamini. Amekaa juu ya tairi, vidole vitatu vya kushoto havikunjiki. Siku hizi mke wake ndiye anayemtungia uzi sindanoni.

Nyaya anatoka chini, anamkabidhi ufunguo. Shemeji anaingia kwenye usukani, anaufungua, anatega sikio kama alivyofundishwa.

"Shem, mbona kimya? Ile ya kwanza ilikuwa inaimba."

Nyaya anafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu.

"Ndiyo inavyotakiwa, shemeji. Ile ya kwanza... nilikosea. Mpira ulipasuka, sawa. Lakini waya wangu ndio uliomwaga mafuta. Waya ungekuwa kama huu wa leo, pengine usingeungua."

Fundi bodi wa jirani anaweka nyundo chini, anasogea karibu.

"Umejua lini?" anauliza shemeji.

"Siku ileile."

"Siku ileile." Anautazama mkono wake, anaugeuza juu chini. "Miezi mitano dada yako ananiita bahili. Mgeni akija, anasimuliwa mpira. Mpaka mimi mwenyewe nimeamini nilijiunguza. Nimemwomba msamaha, Nyaya. Kwa magoti."

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi na wewe tutaongea. Lakini dada yako, nikimwambia mimi, atasema nakusingizia ndugu yake." Anahama kwenda kiti cha abiria na kumwachia usukani. "Utaendesha wewe mpaka nyumbani. Utamwambia wewe. Na usianzie kwenye mpira."

Nyaya anapanga kuyatafuta magari matatu yaliyobaki, hata ikibidi kuuliza gereji kwa gereji. Ana ombi moja: asiandikwe malaika. Liandikwe hili tu: mwenye kabureta na pampu ya umeme afungue ufunguo bila kuwasha, na pampu ikiendelea kulia, alirudishe gari kwa fundi.

"Kwa dada sitarajii chai leo," anasema akifunga mlango. "Akinifukuza nitakaa nje kibarazani mpaka amalize hasira. Ila natumaini nikiondoka pale, mpira hautasimuliwa tena."

Anafungua ufunguo. Kimya. Kisha anawasha.