Nasriya Alitaka Itoke

Bibi yangu, Bi Kheiria, si mtu wa kumpelekea siri. Ukimnong'oneza, anakujibu kwa sauti ya kunadi samaki. Lakini Maskati, huko Omani, mwaka 1967 jirani yake Nasriya hakuwa na mwengine wa kumwendea. Wote wawili walitoka Unguja baada ya mapinduzi, na bibi kule alikuwa mkunga wa hospitali.

Nasriya alikuja na mwanawe Aliya begani, mtoto wa miezi mitano.

"Shoga, nna mimba."

"Na huku unanyonyesha?"

"Si walisema ukinyonyesha hushiki!"

"Hao waliosema wana watoto wangapi?"

Nasriya akacheka, mara akalia. "Nataka itoke. Nisaidie."

Bibi akampokea mtoto kwanza.

Alijua kinachomtisha mwenzake. Alipozaliwa Aliya, mamamkwe, Bi Sayyida, alimtilia mzazi chumvi ukeni siku kadhaa. Ndiyo desturi iliyokuwako pale, ati mwili urudi kama wa kigori. Hakuwa na roho mbaya Bi Sayyida. Na yeye alitiliwa. Ila chumvi iliunguza, kidonda kikapona kwa kovu gumu, njia ikabana. Nasriya akaona wazi kwamba mtoto wa pili hana pa kupita, na watakufa wote. Na kuna mwanamke mtaani keshamwahidi kijiti cha kutolea mimba.

"Hicho kijiti usikikaribie," bibi akamwambia. "Unguja nimewapokea waliotiwa. Kizazi kimetoboka, damu haikatiki, homa ya usaha. Wengine hawakurudi makwao. Na dawa za kunywa nazo zinamtia sumu mama kwanza."

"Basi nitoe wewe."

"Mie nazalisha, hayo mengine kazi ya daktari. Vaa buibui, twende mji wa pili, hospitali ya Matrah."

Daktari alikuwa mwanamke wa Kihindi mwenye Kiarabu cha kuokoteza. Bibi alitafsiri, na kama kawaida yake akaongezea chumvi kila mahali, mpaka daktari akamuuliza mbona maneno yake mawili yanakuwa kumi.

Akampima Nasriya taratibu, kisha akaeleza. Mimba bado changa. Ikitolewa hospitali, mgonjwa hulazwa usingizi, mlango wa kizazi hufunguliwa kidogo kidogo, kizazi kikasafishwa kwa vyombo vilivyochemshwa. Damu nyingi, kizazi kutoboka au homa vinaweza kutokea, lakini kwa mikono iliyofundishwa ni mara chache, na mapema ni bora kuliko kuchelewa. "Ila kwako wewe," akasema, "kovu linafanya hata kazi hiyo iwe ngumu zaidi."

"Na nikizaa?"

"Kwa njia ile, hapana. Tutakupasua tumbo, tumtoe mtoto."

Nasriya akamshika bibi mkono. "Nikiwa hai?"

"Sisi tunapenda iwe hivyo," daktari akasema, uso mkavu kabisa.

Akamwambia pia kupasuliwa nako kuna hatari zake, na kwamba mwili ni wake. Akiamua kutoa, asikawie, arudi na mumewe.

Nasriya aliyafikiria siku mbili. Siku ya tatu akamwita mumewe, Thani, na bibi akawa shahidi aliyejialika.

"Sikuwa namkataa mtoto," Nasriya alisema. "Nilikuwa nakataa kufa. Kama kuna kupasuliwa, nitazaa. Lakini nikishikwa na uchungu usiku, lango la ukuta wa Maskati limeshafungwa mpaka asubuhi, nitafia humu ndani. Mimba ikifika mwezi wa nane nahamia Matrah, karibu na hospitali. Na baada ya hapo simtaki mtu na chumvi yake."

Thani akatazama chini. "Mama atasema."

"Mwambie aseme na mie," bibi akadakia.

"Bi Kheiria, nawe umeulizwa?" Thani akamgeukia.

"Bado. Nasubiri."

Thani akacheka bila kutaka. Kesho yake alifunga safari ya Matrah kutafuta chumba cha kupanga.