Kijiji cha Mwezi wa Nane

Baba yangu alichapa kalenda kwa miaka thelathini na sita, na siku zote hizo sikuwahi kumsikia akikiri kosa. Kule kiwandani walimwita Milimita. Rangi nyekundu ikisogea milimita moja tu pembeni ya bluu, alisimamisha mashine. Wenzake wakakunja mikono, bosi akapiga kelele, naye akaitafuta milimita yake mpaka akaipata. Nyumbani alikuwa vilevile. Ukimkatia mkate ukapinda, anakutazama kana kwamba umemwibia. Mimi ni fundi cherehani, na nadhani niliichagua kazi hiyo ili na mimi niwe na futi kamba yangu ya kumjibu.

Mwaka huu mambo yalianza kwenda mrama. Aliunguza sufuria mpaka kitako kikatoboka. Funguo zake zikaonekana ndani ya kopo la sukari. Jioni moja aliniuliza mara mbili kama nimekula, na mara ya pili nilikuwa bado natafuna. Kaka yake, baba yangu mkubwa, alianza hivyohivyo, akaishia kumuuliza mkewe, "Dada, wewe ni mtoto wa nani?" Mimi ndiye niliyekuwa namlisha siku zile, kwa hiyo naijua njia ile inakoishia.

Basi nikapiga moyo konde. Nilimpigia simu mwenye nyumba wake, nikamwambia mzee atahama mwisho wa mwezi, atakuja kukaa kwangu sebuleni, nyuma ya pazia ambalo nilikuwa nimeshalishona. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa kitu kimoja: Baba mwenyewe hakuwa na habari.

Nilipanga kumwambia kando ya bahari. Nilidhani habari mbaya hupungua uzito mahali pazuri, sijui nani alinidanganya. Kuna kijiji kimoja cha pwani ambacho picha yake Baba aliichapa miaka ishirini na miwili iliyopita, kwenye ukurasa wa mwezi wa nane. Tangu hapo ukurasa huo haukuwahi kutoka ukutani kwake. Miaka ikabadilika, kalenda zikaja na kwenda, kwake mwezi ukabaki wa nane. Anaijua picha ile nje ndani: ngazi za mawe zinazoshuka, nyumba za rangi zilizopangana ufukweni, mnara wa taa. Hakuwahi kufika. Nilipomwambia, "Baba, twende Jumamosi," alicheka kwanza, kisha akaenda kupiga viatu rangi.

Mvua ilitukuta njiani na haikutuacha. Ndani ya basi tulikuwa watu sita. Baba alikaa dirishani akiwa na mfuko wa nailoni mapajani, na ndani yake ukurasa wenyewe, aliouondoa ukutani asubuhi ile. Alikuwa pia na kile kioo chake kidogo cha kukuzia, cha kukagulia chapa, ambacho hukiweka mfukoni kama wengine wanavyoweka leso.

"Nikufundishe usipotee," akaniambia. "Ukifika chini ya ngazi, pinda kushoto. Nyumba, ukihesabu kutoka kushoto, ni ya bluu, ya njano, nyekundu, nyeupe. Mnara wa taa uko kushoto kabisa, na chini yake kuna benchi. Tutakaa pale."

"Na mvua hii?"

"Mvua si moto."

Tulishuka kwenye basi juu ya kilima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mapaa, bahari unaisikia tu huioni. Ngazi tuliziona kwa sababu zilianza miguuni petu. Baba akanyoosha mkono wa kulia kushika chuma cha kujishikilia, mkono ukashika hewa. Chuma kilikuwa kushoto.

"Wamekihamisha," akasema.

Nilishika chuma kwa mkono mmoja na kwapa lake kwa mkono mwingine, tukashuka. Chini akapinda kushoto bila kusita, mimi nyuma yake na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Tulipita ukuta, tukapita ukuta mwingine, tukafika mwisho wa njia. Mbele yetu palikuwa na ghala la barafu ya kuhifadhia samaki, mlango wa bati umefungwa kwa kufuli. Hapakuwa na mnara wala benchi, na nyumba ya bluu haikuonekana popote.

Baba aliutazama ule mlango kwa muda mrefu. Akaugonga kidogo kwa kidole, sijui alitegemea nani afungue.

"Tumeshuka ngazi sizo," akasema. "Turudi juu tuanze upya."

Tukarudi juu. Nilihesabu vidato sabini na nne, na magoti yake nilikuwa nayasikia. Juu tukakuta ngazi ni hizohizo, hakuna nyingine. Tukashuka tena. Safari hii hakupinda mara moja. Alisimama chini, maji yakimtiririka shingoni, akanyoosha mkono wa kushoto, akaushusha, akanyoosha wa kulia, akauangalia huo mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hapo ukungu ukapasuka kidogo. Kulia kwetu, mbali, mnara wa taa ukatokea, mweupe wenye mistari miwili. Nyumba nazo zikaanza kuonekana moja baada ya moja. Karibu kabisa na ghala ilikuwa nyeupe, ikafuata nyekundu, ikafuata njano, na ya bluu ilikuwa kulekule mwisho, chini ya mnara. Zilikuwa ndizo. Nilizitambua hata mimi ambaye nimeitazama picha ile kwa kupita tu. Lakini kila kitu kilikuwa kimeketi kwenye kiti cha mwenzake.

"Nani kauhamisha mnara?" Baba akauliza. Hakuwa anatania.

Mnara hauhamishwi, huo si kabati. Kilichohama kilikuwa ndani ya kichwa cha baba yangu, ndivyo nilivyojiambia, na pamoja na uchungu nilisikia kitu kingine ambacho naona haya kukitaja. Nilisikia nafuu. Nilikuwa nimefanya sawa kumpigia mwenye nyumba.

Nyumba nyekundu ilikuwa na kibao cha chai. Tukaingia. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa rika langu, ameketi peke yake akimenya viazi. Alituletea taulo kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Mama," Baba akamwambia, "samahani. Huu mnara, zamani ulikuwa upande gani?"

"Huuhuu, mzee wangu."

"Hata kabla ya miaka ishirini?"

"Babu yangu ndiye aliyekuwa anawasha taa yake. Umesimama hapohapo tangu hajaoa."

"Na nyumba? Hamkupaka rangi upya? Mkabadilishana?"

Yule mama akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo, ile ya kumwambia mtu *usijali, ndivyo alivyo*. Nilikuwa nimeshaanza kumsema baba yangu kwa ishara mbele ya watu, na yeye akiwa amekaa hapo.

Baba akautoa ukurasa kwenye mfuko. Maji yalikuwa yameingia, karatasi imelowa imelegea. Akautandaza mezani, akakaa akiinua macho dirishani, akiyashusha kwenye picha, akiyainua tena. Alijaribu kugeuza kiti akae upande mwingine. Akajaribu kuugeuza ukurasa kichwa chini, akaurudisha. Chai ikaja ikapoa. Mwishowe akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, mikono ile mikubwa yenye wino ambao haukuwahi kutoka kwenye kucha.

"Mwanangu," akasema, "kaka yangu alianza hivi."

"Baba, kunywa chai."

"Nisikilize. Sufuria niliiunguza, sawa, kila mtu anaunguza sufuria. Lakini hiki kitu nakitazama kila siku ya Mungu. Kama hiki nimekipindua kichwani, basi sina kichwa." Machozi yakamtoka, akayaacha. "Nilijua unataka kuniambia jambo leo. Hukunileta huku kwa ajili ya upepo. Usihangaike kuniambia. Nichukue kwako. Niko tayari."

Ndilo jambo nililolitaka, na nilikuwa nimepewa bure, bila ugomvi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema "Ndiyo, Baba," tunywe chai, tukapande basi. Sikuweza hata kumtazama. Nikaitazama picha badala yake, na kwa kuwa macho yalikuwa yameniingia ukungu nikachukua kile kioo chake cha kukuzia, nikajifanya nakagua.

Kwenye picha, pale katikati ya ngazi, kuna mwanamume amesimama ameelekea kwetu. Bila kioo ni doa tu. Kwa kioo nikaona shati lake, la mikono mifupi, lenye mfuko mmoja kifuani. Nikaona kwamba mfuko uko kifua cha kulia.

Nimeshona mashati ya wanaume kwa miaka kumi na tisa. Mfuko ukiwa mmoja, unakaa kushoto. Nikasogeza kioo kwenye vifungo. Upande wa kulia ulikuwa umelala juu ya ule wa kushoto, kama blauzi. Sasa fundi gani huyu, nikawaza kwa hasira, ameshona shati zima kinyume? Nikaangalia na saa: mkono wa kulia. Nikaweka kioo chini. Hakuna fundi aliyekosea. Mtu yule alikuwa mzima kabisa, ila amegeuzwa.

Na nyuma yake ngazi zimegeuzwa, na nyumba, na mnara.

Nakiri kwamba nilikaa kimya. Si kwa muda mrefu, labda muda wa kumenya kiazi kimoja, kwa maana nilikisikia kikitumbukia kwenye maji. Katika kimya kile nililiona lile pazia langu, nikaiona sufuria yenye tundu, nikamwona baba mkubwa. Sufuria aliiunguza kweli. Funguo zilikuwa kwenye sukari kweli. Nikinyamaza namchukua leo, salama, bila ghala la barafu tena maishani. Nikisema, namrudisha kwenye jiko lake la gesi. Sikujua lililo jema na mpaka leo silijui vizuri.

Nikasimama, nikauchukua ukurasa, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha, upande wa picha ukielekea nje. Karatasi ilikuwa imelowa kiasi kwamba mwanga ulipita. Picha ikajitokeza kwa nyuma, hafifu, mnara ukiwa kulia. Na nje, kulia, mnara ulikuwepo.

"Baba. Njoo uone."

Akaja. Akatazama karatasi, akatazama nje. Yule mama wa chai akaacha viazi, akaja naye.

"Heh! Ndiyo kwetu hapa!"

"Filamu," Baba akasema polepole. "Kabla ya kuchapa, picha ilikuja kwa filamu yake inayopitisha mwanga, maandishi kwa filamu yake. Ina upande unaong'aa na upande usiong'aa. Maandishi niliyaweka sawa. Picha nili..." Akageuza kiganja chake juu chini. "Nililaza upande unaong'aa chini, kushoto ikawa kulia. Kosa la mtu wa wiki ya kwanza kazini. Nilimfukuza mtu kwa kosa hili!"

"Nakala ngapi, Baba?"

"Elfu arobaini."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akakohoa, machozi yale ya kwanza yakachanganyika na haya ya pili, na yule mama akacheka kwa kumwona anacheka. "Nimekosea!" akawa anasema, anapiga paja. "Elfu arobaini! Nimekosea!" Mtu mwingine akikosea hivyo hujificha. Baba yangu alifurahi kama aliyezaliwa upya.

"Kichwa ninacho," akaniambia. "Umeona? Kichwa ninacho!"

"Unacho, Baba."

"Sasa lile jambo lako, liseme tu. Siliogopi tena."

Nikamwambia. Nilimwambia nimeshampigia mwenye nyumba, kwamba vyumba vimeshatolewa kuanzia mwisho wa mwezi. Nilisema haraka, macho yangu kwenye viazi.

Kicheko kikakoma. Mvua ikasikika tena juu ya bati.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Jumatatu."

"Kwa hiyo wakati nalia hapa, ulikuwa umeshamwambia."

"Ndiyo, Baba."

Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Mpigie."

Nikatoa simu. Ilikuwa imekunywa maji kwenye zile ngazi, kioo cheusi, haiwaki. Namba ya mwenye nyumba ilikuwa humo ndani. Kichwani sina hata namba ya mume wangu. Nilipomwambia Baba hivyo, akamgeukia mama wa chai, akamwomba simu yake, kisha akaitaja namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kumi zote, kwa sauti ya mtu anayesoma ukutani. Mama wa chai akabonyeza. Ikaita mara mbili, ikapokelewa.

"Ni mimi," Baba akasema. "Wa vyumba vya nyuma. Ndiyo. Sihami." Akasikiliza. Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuja kuviulizia vyumba na kesho alikuwa analeta kodi. Mwenye nyumba alikuwa na sauti kubwa, mimi nikiwa mbali kidogo niliisikia yote: "Mzee, binti yako aliniambia umeanza kusahau, huwezi kukaa peke yako. Sasa mimi nimsikilize nani?"

Baba akaitoa simu sikioni, akaninyooshea juu ya meza.

"Anataka kukusikia wewe," akasema.

Nikaipokea. Mkono wake ulibaki umenyooshwa.

"Haloo?" mwenye nyumba akasema. "Haloo, dada, upo?"

"Nipo," nikajibu. "Nilikosea mimi."