Kura ya Bosi Dale kwa Chama cha Tatu

Safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya bosi wangu, Bwana Dale, Mmarekani mzee anayesimamia mabomba ya maji katika kampuni moja hapa Riyadh, nami ni dereva wake kwa mwaka wa saba sasa. Naiandika kwa ajili yenu wa Voi, kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani kuna anayeniuliza kama ni kweli Wamarekani wana vyama viwili tu, na kama cha tatu kinaweza kuota na kusimama. Nimekaa na swali hilo ndani ya gari zaidi ya kilomita mia tisa kwenda na hizo hizo kurudi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema neno.

Kilichotutoa Riyadh ni bahasha. Mmarekani aliye ng'ambo hutumiwa karatasi ya kura hadi alipo, akaijaza mezani kwake, akairudisha kwa posta. Sisi Wakenya wa Saudia uchaguzi wetu wa mwisho hatukuwekewa hata sanduku, basi siku bosi aliponionyesha ile karatasi niliishika kama mtu aliyepewa kumbeba mtoto mchanga wa wenyewe. Nilimrudishia upesi.

Bosi alikuwa mtu wa chama cha tembo, kimoja cha vile viwili vikubwa, miaka mingi. Marehemu mkewe alikuwa wa kile kingine, chama cha punda, na binti yao wa pekee, Helen, mwalimu huko Jeddah, alimfuata mama. Nyumba ilikalika vizuri tu. Kisha bosi akavichoka vyote viwili, akajiunga na chama kipya, na uchaguzi uliopita akakipigia kura. Bahati mbaya, katika jimbo lao mgombea wa Helen alishindwa kwa kura chache kuliko zile zilizokwenda kwa hicho chama kipya. Helen akamwambia baba yake, “Wewe ndiye uliyemwingiza yule.” Tangu hapo walisalimiana siku za kuzaliwa tu. Sasa mkataba wa Helen umekwisha, anarudi kwao mwisho wa mwezi pamoja na mume na watoto. Bosi alitaka kumwona kabla hajaondoka, na aende na karatasi ikiwa tupu, ili asikie kwanza binti atasema nini. Aliniambia bila kuzunguka, “Mwadime, nikiharibu safari hii, sitakuwa na nyumba ya kurudi nikistaafu.”

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, tulitoka Riyadh. Angeweza kupanda ndege, lakini alisema anahitaji saa za kufikiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepita soko la Al-Dirah kwa Myemeni mmoja nikanunua tende kilo mbili. Bosi akauliza ni za nani. Nikamwambia kwetu mtu haendi kutafuta suluhu mikono mitupu. Akacheka, akaiweka ile bahasha juu ya boksi la tende, na hivyo ndivyo vilivyosafiri pamoja.

Hadi jua linachomoza alitazama nje ya dirisha tu. Barabara ile imenyooka, mchanga huku na huku, ngamia mmoja mmoja nyuma ya uzio. Mimi kimya hunichosha kuliko usukani, kwa hiyo nilimchokoza.

“Bosi, hicho chama chenu si mkiunganishe tu na kimoja cha wakubwa? Kwetu ndivyo tunavyofanya. Chama kinazaliwa Januari, Machi kiko kwenye muungano, Agosti kina waziri.”

“Kwetu hakuna muungano wa namna hiyo,” akasema. “Katika karibu majimbo yote, anayeongoza hata kwa kura moja anachukua jimbo zima. Wa pili hapati kitu. Wa tatu hapati kitu na anatukanwa.”

“Hata asipofika nusu?”

“Hata asipofika nusu.”

Nikamweleza kwamba kwetu rais asipopata nusu na zaidi, wawili wa kwanza wanarudi uwanjani, kwa hiyo raundi ya kwanza mtu anaweza kumpigia anayempenda na ya pili akampigia anayemvumilia. Bosi akasema angependa sana kumpigia mtu anayempenda bila kuitwa mwizi. Kisha akanieleza kazi ya kukiingiza chama kipya kwenye karatasi yenyewe: sahihi zinakusanywa jimbo kwa jimbo, kila jimbo na sheria yake, na walioandika sheria hizo ni wale wale wawili wa zamani. Kwenye midahalo ya televisheni hakialikwi. Kikipata hoja nzuri, mmoja wa wakubwa anaichukua na kuivaa kama yake.

Nilimwambia tuna methali, mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasa kwao mafahali wawili wamekaa zizi moja miaka yote hiyo, wanapigana kutwa na kucha, na siku akitokea wa tatu wanashirikiana kumfungia mlango. Hiyo aliipenda, akaniomba niirudie ili aiandike.

Saa tano tulisimama kituo cha mafuta upande wa Dhalm. Bosi akaingia kunawa, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ndiyo sababu hasa ya kuwaandikia.

Nyumbani kwa Helen, mtaa wa Al-Safa, anafanya kazi dada mmoja wa Likoni anayeitwa Rukia. Tunafahamiana kwa simu, maana mimi na yeye ndio tuliokuwa tukipanga siku za zawadi za wajukuu kufika. Mnajua kwetu watu waliokosana hawakutanishwi hivi hivi. Hutangulia mjumbe, na kazi ya mjumbe ni kulainisha. Huyu anaambiwa mwenzako amelegea, na yule anaambiwa vile vile, na wanapokuja kugundua kwamba hakuna aliyelegea, wamekwisha kula sahani moja na aibu inawazuia kuinuka. Nimeona ndoa zikiponywa hivyo, na mipaka ya mashamba. Nikachukua simu nikamtumia Rukia ujumbe wa sauti: “Mwambie madam kwamba mzee amekubali. Safari hii kura yake iko upande wa binti yake.”

Rukia akajibu papo hapo. “Kaka Mwadime, wewe una hakika? Hawa si watu wa kuambiwa jambo nusu nusu.”

“Yalla, haya, wewe mwambie. Nitayabeba mimi.”

Bosi aliporudi nilimpa maji nikawasha gari. Nilijiona mtu mzima sana.

Mchana tulipita Taif, tukateremka mlima wa Al-Hada taratibu, nyani wamekaa kwenye kingo wakingoja ndizi za wasafiri. Chini, tulipofika penye njia ya wasio Waislamu, inayouzunguka mji mtakatifu, tukachepuka, maana mimi na bosi wote ni wa kanisa. Jeddah ilitupokea kwa jasho. Saa kumi na nusu jioni niliegesha mbele ya nyumba ya Helen.

Helen alitoka mwenyewe hadi getini. Mwanamke mrefu, miwani kichwani, unga mkononi. Alimkumbatia baba yake na hakumwachia upesi. Bosi alinitazama juu ya bega la binti yake, macho yamemlowa, nami nikajisifu kimoyomoyo. Ndani kulikuwa na keki ya tufaa, ile ya marehemu mama. Watoto wakamparamia babu yao. Nami nikaambiwa niketi mezani pamoja nao.

Tulikuwa tumekula kipande kimoja Helen aliposema, “Asante, baba. Najua haikuwa rahisi kwako kubadilisha.”

“Kubadilisha nini?”

“Kura yako.”

Bosi aliweka uma chini. “Sijabadilisha kitu, Helen. Karatasi ni tupu. Nimekuja kukusikiliza, lakini leo hii ningeulizwa, ningewapigia wale wale wa uchaguzi uliopita.”

Mume wa Helen akawachukua watoto akatoka nao. Mimi niliinuka kama anayepeleka sahani, nikaingia jikoni. Rukia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

“Nilikuuliza una hakika,” akasema polepole. “Barua yangu ya kuhamia kwa kafili mpya, mwajiri wa kunidhamini, huyu madam hajaitia sahihi bado. Nikionekana muongo nitakwenda wapi?”

Hapo ndipo aibu iliponishika. Nililainisha ya wakubwa kwa mgongo wa mtu ambaye hata keki hakuionja. “Halas, basi,” nikamwambia, “nakwenda kusema.”

Nikarudi mezani, nikasimama, nikasema yote: kwamba uongo ni wangu, Rukia alifikisha tu alichoambiwa, na bosi hakujua. Nikaeleza na desturi yetu ya mjumbe, ingawa nilipoieleza kwa Kiingereza ilisikika kama hila tu.

Helen alikuwa amekuwa mwekundu. “Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kusema baba yangu anapiga kura gani isipokuwa baba yangu.”

“Wewe pia,” bosi akasema. Hakupaza sauti. “Miaka yote hii unaniambia kura yangu ni ya mtu fulani. Haikuwa ya mtu fulani. Ilikuwa yangu.”

“Na aliyeshinda ndiye aliyeshinda, baba. Hayo ndiyo matokeo. Wewe ulikuwa unatuma ujumbe, sisi wengine tulikuwa tunachagua serikali.”

“Basi serikali itachaguliwa na vyama viwili hadi kiama, kwa sababu kila mwaka ni mwaka wa hatari.”

“Na ukiwa kweli mwaka wa hatari?”

Bosi aliisogeza keki katikati ya meza. Kisha akauliza kitu kingine kabisa. “Helen, kama Mwadime asingesema ule uongo, ungenipikia hii keki?”

Helen aliitazama keki muda mrefu. Machozi yakamshuka, akayaacha. “Hapana,” akasema. “Nisingepika.”

Nilitamani sakafu inimeze. Bosi akaitikia kwa kichwa, akasema amechoka, na Helen akamwonyesha chumba. Kabla ya kulala madam akapita jikoni akatia sahihi barua ya Rukia bila kuulizwa, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilimkuta bosi mezani peke yake na kalamu. Alijaza karatasi, akaitia katika bahasha, akaifunga. Helen akatoka na ya kwake, akasema ofisi ya vifurushi iko karibu na barabara kuu, atatusindikiza.

Mbele ya ofisi hapakuwa na kivuli wala nafasi ya kuegesha, na ngazi zilikuwa nyingi. Goti la bosi ni bovu. Helen akasema, “Nipe nitakupelekea.”

Bosi aliitazama ile bahasha, na mimi nikaitazama. Mle ndani mlikuwa na kura ambayo binti huyu aliamini imemharibia nchi mara moja na itamharibia tena. Pipa la taka lilikuwa pale pale mlangoni pa ofisi. Bosi akampa.

Helen alikaa ndani kama robo saa. Bosi hakuondoa macho mlangoni. Helen alipotoka alikuwa na risiti mbili, akampa baba yake ya kwake, akamwambia, “Inafika wiki ijayo. Jumamosi watoto wanaaga shule. Baki, kama kampuni itakuruhusu.” Kampuni iliruhusu.

Jumapili alfajiri tulianza kurudi. Tulipoumaliza mlima wa Al-Hada bosi akaniambia nisiseme tena kwa niaba yake, hata kwa wema, nami nikamwahidi. Nikamuuliza kama anaamini chama chake kitashinda akiwa hai. Akasema hapana.

“Na ile bahasha,” nikamuuliza, “hukuogopa madam angeitupa?”

“Niliogopa tangu alipoingia mpaka alipotoka.”

Basi jibu langu kwenu wa Voi ni hili. Sheria zao zinakibana chama cha tatu, hiyo ni kweli. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba watu wanawaogopa wenzao kiasi cha kumnyima baba keki, na penye hofu hiyo hakuna wa tatu atakayepita. Kama chama hicho kitakuja kusimama, hamtasikia kwanza redioni. Kitaanzia kwa mtu kama Helen, aliyepanda ngazi zile na kura asiyoitaka mkononi, akaipeleka.