Dansi ya Badilisha

Nikisikia harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, viganja vyangu hutoka jasho. Wengine huwakumbusha sanduku la mama, au nguo za Krismasi. Mimi hunikumbusha koti jeusi la safu mbili za vifungo, lenye mabega mapana, na uso wangu umebanwa kwenye kifua chake mpaka kifungo kinaniachia alama shavuni. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina kumi na saba na bado naogopa watu. Nikiulizwa swali darasani naitazama meza. Ndiyo maana haya nawaandikia tu. Kuyasema nisingeweza.

Ndani ya koti lile alikuwa Kukhu, mama yake baba. Sisi Wamasaba bibi tunamwita hivyo, ingawa pale Bugembe, karibu na Jinja, tulikokuwa tukiishi naye, majirani walidhani kila jioni natafuta kuku aliyepotea.

Koti lilikuwa mali ya kikundi. Mwalimu Waiswa, aliyefundisha muziki Jinja mjini, alikuwa amejipa kazi ya kufufua dansi za zamani, walsi na foksi, zile walizocheza wazee wetu kwenye kantini za maaskari kwa gramafoni. Hatua peke yake hazikumtosha. Alitaka na mavazi ya wakati ule. Basi wanawake walivaa glavu nyeupe na magauni ya mzunguko, ndani yake shimizi zilizotiwa wanga wa muhogo zikawa ngumu kama karatasi, zinakwaruza mapaja. Wanaume kofia za pama, viatu vya rangi mbili. Ila wanaume wenyewe walikuwa adimu. Walisema huwezi kumshika mke wa jirani kiuno mchana kweupe, halafu jioni ukanywe chai na mume wake. Kukhu alikuwa mrefu, na dansi zote zilikuwa bado ziko miguuni mwake, kwa hiyo akavaa koti, akaficha nywele ndani ya pama, akawa mwanamume. Ukimwona kwa nyuma ungemwamkia mzee.

"Mimi nafundisha," alimwambia Mwalimu siku ya kwanza, "lakini ile ya badilisha, hapana. Ukiweka badilisha, mimi narudi kwangu."

Badilisha ni dansi ya kunyang'anyana kwa adabu. Mtu aliyekosa mwenzi anakuja nyuma ya mwanamume anayecheza, anamgusa bega, na aliyeguswa lazima aachie. Haulizi, hanuni. Anainama kidogo, anaondoka, na mgeni anashika mkono ule ule uliokuwa umeshikwa. Mwalimu alilalamika kwamba bila badilisha dansi ya zamani haijakamilika, lakini mwisho akakubali.

Mimi, mwenzi wake wa dansi, nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa nacheza kwa sababu aliyenishika alikuwa Kukhu. Wazo la kwamba mkono wa mtu mwingine ungeweza kunichukua katikati ya watu lilinifanya nilowanishe godoro, na nilikuwa na miaka tisa. Msinicheke.

Siku moja Kukhu anapiga pasi, makaa yanapasuka ndani, nikamwuliza, "Kukhu, na kama watu wa huko tutakakoalikwa watasahau kwamba hatuchezi badilisha? Kama mtu atakuja?"

Mtu mzima yeyote angesema hakuna atakayekuja. Kukhu aliiweka pasi chini.

"Akikuja, wewe kazana kushika mimi. Usitazame yeye."

Hakutabasamu. Kuanzia hapo hofu yangu ilikuwa na mwili. Alikuwepo mtu, na angekuja.

Tukaalikwa Mbale, kwenye ukumbi chini ya mlima wa Wanale. Ilikuwa alasiri, na madirishani uliona maji yakishuka kwenye majabali kama nyuzi nyeupe. Mbale ndiko kwetu, lakini Kukhu hakuwa amekanyaga huko tangu baba yangu akiwa mtoto. Ndugu ndio waliokuja kwetu. Nilimshika mkono tukiingia, na hata kupitia glavu yangu ulikuwa baridi.

Mshereheshaji alikuwa polisi mstaafu, Afande Mafabi, tumbo kubwa, sauti kubwa, mcheshi. Tulicheza foksi, watu wakapiga makofi. Tukaanza walsi. Nilikuwa nimefumba macho nikimsikia Kukhu akihesabu juu ya kichwa changu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mara Afande akashika kipaza sauti.

"Wazee, mnakumbuka hii? Ba-di-li-sha!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mwalimu Waiswa alimpungia mikono aache, lakini nani angemwona? Wanaume walikuwa wameshainuka vitini. Nikafumbua macho, na kosa langu lilikuwa hilo, kwa sababu nilikutana na macho ya Afande Mafabi mwenyewe. Nadhani aliona kitoto kinatetemeka kwenye mikono ya mzee mrefu, akanihurumia. Akaja, akitabasamu, akamgusa Kukhu bega.

Kukhu hakugeuka. Vidole vyake viliingia mgongoni mwangu. Akanizungusha mbali, tukaenda mpaka pembeni, hatua zimekuwa kubwa, viatu vyangu havigusi sakafu vizuri.

"Afande, umekataliwa!" mtu akapiga kelele.

"Muzee, wachia mutoto! Wewe namupeleka wapi?" mwingine akadakia.

Afande akatufuata, sasa akiwachekesha watu. Akagusa bega tena. "Bwana, sheria ya dansi ni sheria!"

Muziki ulikwisha. Kukhu aliendelea, moja mbili tatu, kifua chake kikipanda na kushuka kwenye uso wangu, na ile harufu ya vidonge imechanganyika na jasho. Mimi nilikuwa nimeshika koti kwa meno. Kweli kabisa, kwa meno. Mkono wa Afande ukaja mara nyingine, ndipo Kukhu akasimama, akageuka, kofia ikaanguka, na watu wakaona mvi zake zilizosukwa.

"Huyu haendi," alisema.

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Niliona kimya kikitembea kutoka kiti hadi kiti, kwa wenye umri wake tu, kana kwamba wamesikia jambo ambalo sisi wengine hatukulisikia. Afande Mafabi alirudisha mkono wake nyuma.

"Pole, mama," akasema polepole. "Pole sana. Sikujua ni wewe."

Kwa miaka mingi niliamini nimeharibu dansi ile kwa uoga wangu. Niliamini Kukhu alijiaibisha mbele ya watu wa kwao ili kunificha mimi, na nikampenda kwa deni.

Likizo iliyopita nilimwambia baba hivyo. Baba ni askari wa magereza, maneno yake machache. Akaniambia kuhusu babu, ambaye mimi nilijua tu kwamba alipotea wakati wa utawala wa wanajeshi. Alipotelea Mbale, kwenye dansi, kwenye walsi, akiwa na Kukhu mikononi. Mwanamume aliyevaa suti nzuri alikuja nyuma yake akamgusa bega. Kukhu alidhani ni badilisha. Akaachia mkono wa mume wake, kwa sababu ndiyo adabu. Akatabasamu, akabaki amenyoosha mkono wake hewani, akimsubiri mgeni aushike. Mgeni hakumtazama. Alikuja kumchukua babu.

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele, baba alisema. Walitoka mlangoni kama marafiki wawili, na Kukhu akawangoja dakika arobaini na zaidi, akidhani wameenda kuvuta sigara.