Kifungo Cheusi cha Shivachi

Haya niliyaona mchana, kwa macho haya mawili, ngoma ikiwa kwapani mwangu. Mjukuu wangu anayeniandikia ameuliza kama siku hiyo nilikuwa nimelewa. Nimemwamuru aandike: babu alikuwa amekunywa chai ya maziwa, kikombe kimoja. Sasa nisikilizeni.

Tulikuwa watatu katika isukuti, ngoma zetu za kwapani. Mimi nilipiga kubwa, Shivachi ya kati, Ambetsa ndogo. Kwetu mpigaji akifa, wenzake huitangulia maiti yake hadi kaburini wakipiga. Ndivyo anavyojua kwamba amesindikizwa. Shivachi alifariki mwaka juzi, akazikwa siku ileile ya tamasha la sanaa mjini Kakamega. Sisi tulikuwa tumekwisha kuitwa jukwaani. Nikasema tutampigia siku nyingine. Ni mimi niliyesema, si mwingine.

Siku hiyo nyingine haikufika. Agosti iliyofuata tukarudi tamashani. Mji ulikuwa umechangamka: wachoraji wakipaka kuta rangi, wanasarakasi wakipandiana mabegani, wanawake wakifinyanga vyungu mbele ya watu. Tulipiga wawili tu. Ngoma ya kati tuliilaza chini, baina yetu, kwa heshima.

Katika wimbo wa pili nikaisikia ikijibu.

Nikatazama. Shivachi alikuwa ameikumbatia. Alivaa suti ya kijivu, udongo mwekundu umekauka magotini, na koti lilikuwa na vifungo viwili: kimoja cha kijivu, kingine cheusi. Ninyi mngefanya nini? Mimi niliendelea kupiga, maana mikono ilikataa kuacha. Watu walishangilia, wakacheza mabega. Wimbo ulipokwisha, akaikandamiza ngozi kwa kiwiko, ngoma ikaguna kama ng'ombe. Mtindo huo hakumfundisha mtu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Leo umepata nafasi, kaka?"

Nilipogeuka, ngoma ilikuwa imelala chini. Ambetsa alikuwa akilia.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Sikumwona. Nimemsikia."

Jioni hiyohiyo tulikwenda Shinyalu kwa mjane wake, Muhonja. Nikamweleza habari ya suti.

"Kile kifungo cheusi nilikishona mwenyewe asubuhi ya mazishi," akasema. "Cha kijivu kilikuwa kimepotea. Wewe ulikionea wapi, shemeji, nawe hukuja?"

Nikaomba ruhusa tumpigie kaburini.

"Pigeni. Lakini siku ile tulimweka hapo uani mpaka saa kumi, tukitega masikio njiani. Kila pikipiki iliponguruma, watoto walisema ni ninyi."

Tulipiga. Ngoma ya Ambetsa ililia vizuri. Yangu haikutoa sauti. Tangu siku hiyo nimeivalisha ngozi mpya ya kenge mara tatu. Ambetsa akiipiga, inalia mpaka ng'ambo ya mto; nikiishika mimi, ni bubu. Mwaka huu tamasha lilipofika, nilibaki nyumbani, nikazisikia ngoma za watu wengine kwa mbali.

Aminini au msiamini, mimi sibembelezi mtu. Nendeni tamashani, chezeni, shangilieni. Lakini mwenzenu anapozikwa, msimwambie asubiri.

Atasubiri.