Daftari la Matanga

Walimu wa shule yetu hapa Kitale tuna daftari la matanga. Mwalimu akifiwa, ama akifa mwenyewe, tunalifungua kuona kwao ni wapi ili tujue njia ya kwenda kuzika. Mimi ndiye katibu. Kwenye mstari wangu nilijaza maelezo marefu: Bumula sokoni kule Bungoma, pita kisiagi cha unga, vuka daraja la mbao, uliza boma la mwalimu. Nilijivunia maelezo hayo.

Mwenzangu mmoja, mama anayefundisha darasa la nne, aliandika neno moja tu: Tuwan.

"Tuwan ni ploti za kukodisha hapa mjini, mwalimu," nikamtania. "Kwenu kabisa ni wapi?"

"Ni huko huko. Babu alizikwa makaburi ya Waislamu hapa hapa mjini. Mama pia."

Nikacheka, nikatia alama ya kuuliza kwa penseli kando ya jina lake. Ujinga mtupu. Sura yake na mtandio wake vilitosha watu kumwita mgeni, na alizaliwa mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Mimi niliyekuja juzi tu kutoka Bungoma naitwa mwenyeji.

Muhula wa pili, mwalimu mkuu alituambia tuzungumze waziwazi juu ya ubaguzi na upendeleo. Barua ilikuwa imetoka juu. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, na hakuna aliyefungua mdomo. Mkuu akatupa mzaha kwa lugha yetu ya nyumbani kutuchangamsha. Tukaangua kicheko.

Yule mwalimu wa Tuwan akasimama. "Si ndio huo ubaguzi wenyewe? Nyinyi mnacheka, na mimi sijui mnacheka nini. Miaka tisa nafundisha watoto wenu. Naibu amebadilishwa mara tatu, na wote ni wa lugha moja. Semeni basi, kwa nini?"

"Ati tunabagua!" mwalimu mmoja akasema nyuma yangu. "Kama hapendi, si arudi kwao."

Hakuna aliyemkemea. Nilijua mama huyu amesema kweli tupu, na nilikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mkuu aliandika kitu, akafunga mkutano.

Wiki iliyofuata mkuu aliniita ofisini.

"Leta lile daftari la matanga."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Wazee wa hapa wanataka tu kujua nani ni nani kabla ya uchaguzi. Ni mambo ya usalama, bana."

Daftari la kuzikia watu, wazee wanalitakia nini watu wakiwa hai? Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na wepesi ule wa mikono yangu unanitisha hadi leo.

Lilirudi baada ya siku tano. Alama yangu ya penseli ilikuwa imepitiwa kwa wino mwekundu, ikakolezwa. Majina mengine manne yalikuwa yametiwa alama kama hiyo. Mstari wangu ulikuwa safi.

Nilikuwa bado nimelishika alipoingia yule mwalimu wa Tuwan. Alilichukua, akasoma ukurasa wote polepole.

"Hii alama ya kwanza ni yako," akasema. "Chini ya wino penseli bado inaonekana."

"Nilikuwa natania tu, mwalimu."

"Najua." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Jana watu wawili walikuja kwa ploti wakauliza nyumba yangu ni gani. Hawakusema wanataka nini. Sasa wewe ni mwenyeji, niambie. Hawa wengine wanne wana kwao, watakimbilia huko. Wale watu wakirudi, mimi na watoto wangu tukimbilie wapi?"

Macho yangu yaliangukia mstari wangu: sokoni, kisiagi, daraja, boma. Njia yote niliiandika mwenyewe. Neno "kwangu" lilifika kwenye ulimi. Kisha nikawaza wale wazee wakipewa daftari tena, na safari hii waone alama kando ya jina langu.

"Mungu atasaidia," nikamwambia, nikavuta madaftari ya wanafunzi nikaanza kusahihisha.